Sahani ya Dirishani

Kila tarehe thelathini na moja Oktoba, siku ambayo Waairishi husema wafu hurudi nyumbani, saa sita mchana, mzee Wayne hula kolkanoni: viazi vilivyopondwa na sukuma wiki na maziwa, siagi ikiachwa iyeyuke katikati. Sahani moja huwekwa dirishani kwa ajili ya mama yake, Mwairishi, aliyefariki miaka arobaini iliyopita. Hajawahi kuja. Mpishi ni Mumbi, anayemtunza mzee huyo nyumbani kwake, karibu na barabara ya Bathurst, Toronto.

Mwaka huu alikuja mama yake Mumbi.

Alikuwa na wiki tatu katika mochari moja ya Murang'a. Ndugu walikataa kumzika bila kifungua mimba wake, na Mumbi hangeweza kusafiri. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimekwisha, na kipya kilitaka barua ya mwajiri, mistari mitano tu. Angeondoka bila hiyo hangeruhusiwa kurudi, na ni yeye anayewasomesha wadogo zake. Tangu Agosti Wayne alikuwa akisema ataiandika wiki ijayo.

Mama alipangusa miguu mlangoni, akaketi, akavuta sahani ya dirishani. Siagi iliganda tena.

"Mukimo gani hii haina mahindi?"

"Ni ya kwao, Mama."

"Na chumvi, kwao hakuna?"

Mumbi alimpa chumvi. Alitaka kumkumbatia, lakini mama alimkataza, asije akagandisha mikono, na mikono ndiyo kazi.

"Kule kuna baridi, mwanangu. Utakuja kunizika lini?"

Mumbi akamgeukia Wayne. "Mama anauliza kuhusu ile barua."

Mzee alikuwa akimtazama mgeni kwa wivu. "Muulize kama amemwona mama yangu."

"Mwambie nitamtafuta," mama akajibu. "Yeye atafute kalamu."

Wayne alisema wiki ijayo, bila kukosa. Mama akaosha sahani yake, akasema basi atarudi kesho, maana hapa angalau kuna jiko.

Sasa huja kila mchana. Wayne amemzoea, humvutia kiti. Ijumaa aliomba kalamu. Mumbi alikimbia kuileta, pamoja na karatasi safi, akasimama nyuma yake. Mzee aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, akampa: viazi kilo tano zaidi, mahindi, chumvi.