Serikali ya Nusu Saa

Hester Pym alishuka melini baada ya wiki nane baharini, akaangua kicheko: ardhi ya kisiwa hicho kimoja cha Visiwa vya Gilbert, Pasifiki, ilimyumbisha kuliko mawimbi. Mchumba wake, Cuthbert Lorne, bwana shauri wa kisiwa, alimngoja ufukweni akiwa na sare nyeupe, uso umemwiva kwa aibu.

"Mpenzi, padri aliondoka jana. Harudi mpaka mwezi ujao."

"Nani mwingine hufungisha ndoa hapa?"

"Mimi."

"Basi jifungishe!"

"Sheria haikubali. Na nahodha anasema bila ndoa atakurudisha Sydney leo hii, saa kumi."

Hakimu wa kisiwa, Ten Kaitara, mzee wa kitambi aliyekuwa akiwasikiliza bila haya, alikohoa. "Bwana Shauri, ukisafiri si unaniachia ofisi?"

"Mbona sisafiri?"

"Panda mtumbwi."

Basi Cuthbert aliandika barua ya kumkabidhi kazi kwa nusu saa, akapigiwa kasia mpaka nje ya mwamba ili ahesabiwe amesafiri, akarudi raia wa kawaida, suruali chapachapa. Alimkuta Kaitara kwenye kiti cha Bwana Shauri, na kofia ya Bwana Shauri kichwani.

"Jina lako?"

"Kaitara, tunajuana miaka sita!"

"Serikali haimjui mtu. Jina!"

Kijiji kizima kilivunjika mbavu. Hester alishikilia nguzo asianguke.

"Mwanangu," Kaitara akamgeukia, "huyu hajui kuvua. Mnazi hakwei. Kwenye ngoma anakanyaga wenzake. Bado unamtaka?"

"Namtaka hivyo hivyo!" alisema Hester, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Haya, mchukue. Usituletee malalamiko."

Wakatia saini. Cuthbert akanyoosha mkono. "Nirudishie ofisi."

"Bado dakika kumi." Kaitara akaagiza wafungwa watatu, waliokamatwa kwa kucheza ngoma Jumapili, waachiwe huru wakacheze harusini. Cuthbert alifungua kinywa kupinga, lakini Hester alikwisha kumvuta uwanjani, na mtu wa kwanza kukanyagwa alikuwa yeye.

Meli ikapiga honi ikaenda zake, hakuna aliyegeuka.

Walizaa watoto watano katika visiwa vinne. Cuthbert alipanda cheo hadi ugavana, akavaa kofia ya manyoya. Siku ya kuapishwa, katikati ya hotuba ya jaji, Hester alikumbuka suruali ile iliyolowa. Alijaribu kukohoa, ikashindikana, akacheka kwa sauti mbele ya wakubwa wote. Na gavana mpya, mkono ungali juu ya Biblia, akacheka naye.