Moto wa Kukaushia Shayiri

Květa Zapletalová hakujua kukaa. Tangu asubuhi alikuwa akiingia ghalani na kutoka, akizamisha mkono katika rundo la shayiri, akitafuna punje, akitema, kisha akikimbilia nje kutazama mawingu upande wa mji wa Olomouc. Shayiri yenyewe ilikuwa nzuri, punje nene za kupendeza. Lakini ilikuwa na unyevu, maana waliivuna mbiombio kuikimbia mvua, na ikilala hivyo rundoni hupata joto kisha ukungu.

“Kaa ule, dada,” alisema Radim, mdogo wake, akiupaka mkate ile jibini yao inayonuka hadi barabarani. “Shayiri haina miguu.”

“Ingekuwa nayo ungeshaifukuza.”

“Mimi nataka usingizi tu. Mwenye mahindi analala.”

Mwaka juzi Květa alitia mbolea kwa kuchelewa, punje zikazidi protini, kiwanda cha kimea cha bia kikazikataa. Mwaka jana mvua iliziotesha zingali kwenye masuke. Mara zote mbili walionufaika ni nguruwe. Basi ndugu hao wakapeana mkono: ikikataliwa mara ya tatu, shamba litapandwa mahindi ya kulisha mtambo wa gesi, na maneno yaishe. Shamba hilo lilikuwa la shayiri tangu enzi za babu wa babu yao. Květa aliona kuiacha ni sawa na kubadili jina la ukoo.

Mwaka huu alijibana. Alipanda Machi, udongo ulipokauka tu, akatia mbolea mapema na kidogo, na shamba la jirani lilipokoza ukijani kuliko lake aliumia rohoni, lakini hakuongeza hata konzi.

Mashine ya kukaushia ilikuwa ya marehemu baba yao, na kipimajoto chake kilikufa zamani. Mzee alipima kwa kiganja: unashika bomba la hewa, unasali Baba Yetu. Ukifika amina bila kuondoa mkono, moto uko sawa. Ukishindwa, unaua punje.

Kabla ya chakula Květa alishika bomba, akafika amina kwa raha. Ngurumo ikalia. Akazungusha kishikio cha moto robo, akasali tena. Amina ilimchoma kidogo, lakini alifika. Alipokwisha kula, alipanda juu ya paa kufunga turubai. Aliposhuka, manyunyu yamemlowesha, akashika bomba kwa mara nyingine, na kwenye “mkate wetu” mkono ukaruka wenyewe. Akajiambia vidole vimepoa kwa mvua, bomba lazima lichome. Tena alikuwa na haraka.

Kiwandani, Bi Hedvika mpimaji aliimwaga shayiri kwenye sinia, akatabasamu. Unene, safi. Protini, safi. Kisha akapasua punje kadhaa katikati, akazitia katika dawa ambayo kiini kilicho hai hugeuka chekundu ndani yake. Květa alizunguka kile chumba hadi Bi Hedvika akamwomba asimame. Punje zilibaki nyeupe.

“Pole, mwanangu. Nzuri sana hii, lakini imekufa. Isiyoota haitoi kimea.”

Walirudi na tela lao likiwa limejaa vilevile. Radim aliendesha trekta, na njiani Květa akashindwa kuvumilia.

“Ni mimi. Niliongeza moto. Robo tu.”

“Lini?”

“Kabla hatujala.”

Radim alikanyaga breki katikati ya barabara.

“Na mimi niliongeza,” alisema. “Robo. Ulipokuwa juu ya paa.”

“Wewe? Si ulikuwa unataka mahindi?”

“Nilitaka. Halafu nikakuona hutulii, unatafuna punje na kutema kama mgonjwa. Nikasema, mwaka huu na apate.”

Gari la nyuma likapiga honi. Květa alimtazama mdogo wake, asijue amkumbatie au ampige kofi.

“Tuufute ule mkataba,” Radim alisema. “Kosa ni letu sote. Hakuna anayejua.”

“Tulipeana mkono, Radim.”

“Dada…”

“Mahindi,” alisema Květa, na kilio kikamshinda. “Haya, endesha, watu wanangoja.”