Jicho la Loveth

Mtoto wa Siwema alitetemeka tangu siku aliyozaliwa. Si baridi, kijijini Tindiga mwezi ule hata kuku walikuwa wanahema. Midomo na mikono ilimcheza, alilia kwa sauti kali, na akishika ziwa analiachia.

Wakampeleka hospitali Kilosa. Muuguzi alimpima, kisha akamuuliza Siwema alitumia dawa gani wakati wa ujauzito. Siwema akangoja mama mkwe wake, Bi Mwanasha, atoke kufuata uji.

"Vidonge vya sonona," akanong'ona.

"Baadhi ya watoto wa mama wanaovitumia huwa hivi siku za mwanzo. Anapumua vizuri, itapungua yenyewe. Mnyonyeshe. Na wewe usiviache ghafla, dada, ugonjwa utakurudia."

Maneno hayo Siwema hakuyafikisha nyumbani. Angeitwa kichaa, na kichaa haachiwi mtoto. Mumewe Yassin yuko Dumila anauza vitunguu. Akipiga simu anamuulizia mtoto tu.

Bi Mwanasha hajawahi kukosa jibu maishani mwake. Jirani yao Loveth alimtazama mtoto siku ya kwanza akasema, "Jamani, mzuri huyu!" bila hata mashallah. Na Loveth mwenyewe hana mtoto. Basi, kesi imekwisha: ni jicho. Akampiga marufuku kukanyaga pale, na bombani akamtangaza.

Loveth huyo ndiye mtu pekee Tindiga nzima aliyewahi kumuuliza Siwema, "Mwenzangu, una nini?" Ndiye aliyemkuta amelala huku ugali unaungua, akampeleka kwa daktari. Vidonge alivijua. Neno moja tu lingemsafisha, na hakulisema.

Siwema alijaribu.

"Mama..."

"Nini?"

"Maji yamechemka."

Siku zikapita, mtoto akatulia, akanyonya mpaka akalala. Bi Mwanasha akapiga vigelegele. "Mmeona? Tangu nimfukuze yule!" Wanawake wa bombani wakaitikia. Kupona kwa mtoto kukawa ushahidi.

Asubuhi moja Siwema alikuwa uani na mtoto mapajani. Loveth akapita na ndoo, akitoka bomba la mbali. Alikuwa amekonda.

"Leo namwambia mama," Siwema akasema.

"Usithubutu. Mimi wakinisema, inaniuma basi. Wewe watakunyang'anya mtoto."

Siwema alisikia nafuu, akajichukia kwa nafuu ile. Alitamani kulia kifuani kwa mwenzake.

Loveth akatua ndoo. "Nimwone kidogo tu. Sitasema kitu."

Mlango ukafunguka nyuma yao.

"Siwema! Mfunike mtoto!"

Loveth alimtazama Siwema, akasubiri. Siwema akavuta khanga, akamfunika mtoto uso.