Saa Sita ya Syombua

Kiwanda cha pamba kilikuwa na king'ora kilichosikika mpaka ng'ambo ya reli. Asubuhi kiliita watu kazini, na saa sita kiliwapa ruhusa ya kwenda kula. Walimu wa shule ya msingi walikitegemea. Wenye hoteli walikitegemea ili kujua wakati wa kuepua sufuria. Hata mchungaji wetu alirekebisha saa yake kwa sauti hiyo. Ni mjukuu wangu Syombua tu aliyekiogopa kama kifo.

Wakati huo, katika miaka ya sabini, alikuwa na umri wa miaka saba, na alikuwa haongei. Alikuwa na njia zake. Isyo, yaani mahindi na maharagwe yetu, hakula mpaka maharagwe yakae upande huu na mahindi upande ule. Mama yake, binti yangu Mutindi, alikuwa mchaguaji wa pamba hapo kiwandani. Kazi yake ilikuwa kutenga pamba safi na fifi, ile yenye madoa. Alikuwa akimtazama mtoto na sahani yake, anacheka. "Mwaitu," ananiambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita mama, "huyu wangemwandika hata kesho. Hakuna kinachompita."

Hatukuwa na jina la hali yake. Watu wengine walikuwa na majina, lakini si ya kurudia.

Tuliishi kwenye laini, zile nyumba za mabati za wafanyakazi nyuma ya ghala. Baba ya mtoto alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akatafuta mpaka akatusahau. Nilijaribu kukaa na Syombua nyumbani kwangu Kalamba, mbali na king'ora. Bila mama yake alikataa chakula, akakataa na maji. Na huko Kalamba shemeji zangu walisema dawa ya mtoto wa namna hiyo ni kumfunga kamba kwenye nguzo. Nikamrudisha kwa mama yake, nami nikahamia laini pamoja nao.

Asubuhi hatukuwa na taabu, kwa kuwa king'ora kilimkuta mama yake nyumbani. Taabu ilikuwa saa sita. Kikianza kulia, Syombua aliziba masikio, akapiga ukelele, kisha akakimbia bila kuangalia anakokwenda. Nilimshika, lakini mikono ya mzee ni kama mlango wa nyasi. Siku moja aliniponyoka, tukamkuta amelala kifudifudi kando ya reli, na treni ya mizigo ndiyo kwanza imepita. Kitu kimoja tu kilimzuia kukimbia: kubanwa kwa nguvu kifuani mwa mama yake kabla kelele haijaanza.

Kwa hiyo Mutindi akawa anatoka ghalani kabla ya wakati. Anaangalia jua, anaacha pamba, anakuja mbio.

Nyapara wao aliitwa Nzomo, mtu mrefu wa kofia, asiyependa kupitwa. Alimsimamisha Mutindi mbele ya wenzake.

"Mama Syombua, hicho king'ora ni chako ama ni cha kampuni? Mbona wewe hukisikia kabla hakijalia?"

"Nisamehe, bwana. Ni mtoto."

"Kila mtu hapa ana mtoto. Muthoki ana wanane na hatoki."

"Wangu wanasikia njaa tu," Muthoki akajibu bila kuinua macho kwenye pamba yake. "Wa Mutindi anasikia zaidi."

Wanawake wakacheka. Nzomo hakucheka. "Nikikuona tena nje kabla ya king'ora, usirudi ndani. Kusanya vitu vyako na utoke laini."

Jioni Mutindi alinieleza hayo huku akimwogesha mtoto miguu. Nikamuuliza kesho atafanyaje.

"Nitatoka, mwaitu. Kazi ikienda nitalia, kisha nitanyamaza. Huyu akienda kwenye reli, nitanyamazaje?"

Niliwaza nguzo ya Kalamba, maana tukifukuzwa hapo hatukuwa na pengine pa kwenda.

Kesho yake nilimwona Mutindi anakuja mbio kama kawaida, leso imemlegea kiunoni. Nyuma yake alikuja Nzomo, naye anakimbia, ameshika kofia. Waliingia nyumbani karibu pamoja. Mutindi hata hakumtazama. Aliketi chini, akamvuta mtoto, akambana.

"Iko wapi?" Nzomo akauliza, akihema.

"Nini, baba?" nikamuuliza mimi.

"Pamba! Mtu hakimbii hivyo mikono mitupu. Nyinyi mnajaza godoro."

Aliinua blanketi langu, akatia mkono kwenye godoro, akavuta. Zikatoka nyasi. Akavuta tena. Nyasi. Alikuwa amesimama hapo na nyasi mkononi king'ora kilipolia.

Nimesikia wanawake wakilia msibani, lakini ukelele wa Syombua ulikuwa mwingine. Mwili wake mdogo ulijikunja ukajinyoosha, akampiga mama yake kidevuni kwa kichwa, akamtupia Nzomo teke la gotini. Kofia ikaanguka. Mutindi alikuwa amemziba masikio kwa mikono yake miwili, lakini kwa kumziba hakuweza kumshika vizuri. Ndipo nikamwona yule mtu mrefu anatupa zile nyasi, anapiga magoti kwenye vumbi la nyumba yetu, na kuweka viganja vyake vikubwa juu ya viganja vya binti yangu. "Mbane," akamwambia. "Masikio niachie mimi."

Tulikaa hivyo mpaka kelele ikaisha. Nzomo akaokota kofia, akaikung'uta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mkishakula mje ofisini," akasema. "Wote."

Nani angekula? Tulimfuata tu. Mutindi alikuwa amekwisha kufunga nguo za mtoto kwenye shuka, akaziweka tayari mlangoni.

Meneja, Bwana Mutunga, alikuwa mtu mpole wa sauti lakini mgumu wa kanuni. Tulimkuta na Samatar, bawabu wa lango, mzee Mwislamu aliyetoka upande wa Garissa. Yeye ndiye aliyevuta king'ora. Muthoki na wachaguaji wengine walikuwa wamejipanga mlangoni, ingawa hakuna aliyewaita.

"Nzomo," akasema meneja, "uliniambia huyu ni mwizi."

"Nilifikiri hivyo, bwana. Godoro lao ni la nyasi. Nimelipekua mwenyewe."

"Na kazi yake inapungua?"

"Haijapungua hata siku moja. Ndiyo maana nilimshuku. Mtu anatoka mapema kila siku na fungu lake la pamba liko sawa na la wengine?"

"Litakosaje kuwa sawa?" Muthoki akadakia kutoka mlangoni. "Akitoka, kila mmoja wetu anamtupia konzi. Ni mwethya, bwana. Leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule. Kwani kwenu hamlimiani?"

Mutindi aligeuka akawatazama. Hakuwa akijua. Alidhani ni yeye aliyekuwa na mikono myepesi.

"Mama, hapa si shambani," meneja akasema.

"Na hiyo pamba ilitoka wapi? Ofisini?"

Wenzake wakacheka chini kwa chini. Bwana Mutunga akajifuta uso kwa kitambaa. "Nikimruhusu mmoja kutoka kabla ya king'ora, kesho watatoka kumi. Huyu ana mtoto, yule ana jino. Nitaendeshaje kiwanda?"

Nilijua ni mtu wa haki, na haki yake ndiyo ingetutoa laini.

Mzee Samatar akakohoa. "Bwana meneja, king'ora ninavuta mimi. Hakijui saa, kinanijua mimi tu. Wewe hutaki mtu atoke bila kuitwa, sivyo? Basi nitamwita huyu mama kwanza, peke yake. Afike kwake, amshike mtoto. Huyu nyanya atundike leso hapo nje, naweza kuiona kutoka langoni. Nikiona leso, navuta, wengine watoke."

"Kiwanda kizima kingojee leso ya nyanya?"

"Kinangojea mvua kila mwaka," Samatar akajibu, "na hujawahi kuifukuza kazi."

Meneja akageuka kumtafuta mtoto. Syombua alikuwa ameweka shavu kwenye kabati la chuma la ofisi, amefumba macho, ametulia kwa ule ubaridi. Bwana Mutunga alimtazama mpaka nikaanza kuona haya, nikataka kumwondoa.

"Mwache," akaniambia. "Leso ni ya rangi gani?"

"Nyekundu, bwana. Ninayo moja tu ya rangi hiyo."

"Basi isifuliwe saa sita."

Mutindi aliketi pale pale sakafuni. Nzomo ndiye aliyemsogezea kiti, na kwa kuwa hakukitumia, akasimama kando yake akakishikilia.

Siku iliyofuata nilisimama nje mapema mno, leso mkononi, kama mtu anayengoja bwana arusi. Nilimwona Samatar anakwenda mlango wa ghala, anainua mkono. Mutindi akatoka akitembea. Sikumbuki kumwona akitembea saa hiyo tangu tuhamie. Akaingia, akaketi, akampakata mtoto, akamziba masikio kwa shuka na mikono, akaniitikia kwa kichwa. Nikatundika leso kwenye waya.

Kikalia. Syombua akapiga kelele, siwezi kusema hakupiga. Akatetemeka, akamng'ata mama yake begani. Lakini hakukimbia, na kelele yake iliisha pamoja na ile ya king'ora.

Kutoka barabarani nikasikia mwenye hoteli akimwuliza mtu, "Leo saa sita imechelewa ama ni mimi?" Mtu huyo akamjibu, "Leo kuna mkubwa wa miaka saba aliyengojwa apakatwe kwanza." Nikajua Muthoki amekwisha kusambaza habari.

Nilimpakulia Mutindi ugali na mboga ya kunde. Kwa kawaida alibeba tonge mkononi, akarudi kazini akitafuna njiani. Siku hiyo alikula akiwa ameketi, mgongo kwenye ukuta, mtoto amelala mapajani mwake kwa uchovu. Alikula polepole, akapangusa sahani kwa kidole, kisha akaninyooshea.

"Mwaitu, imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Nikamwongezea, na filimbi ya Nzomo ya kuwarudisha kazini ilikuwa bado haijalia.