Watumishi Wawili wa Kipanya cha Baba

Niliota jana usiku, nami nasimulia kama nilivyoona, bila kutia chumvi. Mwenye kubisha na abishe.

Kwanza mjue hali ya nyumbani. Baba yangu, Mwalimu Mrutu, alipata kiharusi mwaka juzi. Ulimi ukagoma, miguu ikagoma, ukabaki mkono wa kulia. Nikamwekea kompyuta kando ya kitanda: anasogeza kipanya, mshale unagusa herufi kwenye skrini, maneno yanajiandika. Hicho kipanya ndiyo sauti yake. Jumanne kikaharibika. Mshale ukawa unaruka huku, unaganda kule. Na kaka yangu Mbonea anakuja Ijumaa, yaani leo, kumchukua baba akaishi naye Dodoma, ikiwa baba mwenyewe ataridhia. Siku tatu baba anahangaika kutoa jibu, na jibu halitoki. Tena hana tabia ya kurudia maneno. Amefundisha miaka thelathini na nane. Asiyesikia, shauri yake.

Mimi, Nakiete, ni fundi wa kompyuta hapa Same. Nimebadilisha waya, nimebadilisha kipanya chenyewe, nimezima na kuwasha hadi nikaona haya. Mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo ni wa ile jamii ya Unix, nami hujigamba kwamba naujua. Nikalala nimenuna.

Basi ndotoni naingia chini ya kitanda kufuata waya, na chini ya kitanda ni saa sita mchana. Nimesimama uwandani. Mbele yangu kuna mti uliopinduliwa: mzizi uko juu mawinguni, matawi yanashuka mpaka ardhini, na kila jani ni faili. Chuoni tulifundishwa kwamba mfumo huu umepangwa kama mti, mzizi ukiwa juu, na kwamba humo hata kifaa huhesabiwa faili. Niliandika kwenye daftari nikapata alama zangu. Nilipouona kwa macho, nikavua viatu.

"Mimi ni skrini," likasema jani moja.

"Mimi ni saa," likasema la pili. "Unatafuta nini?"

"Kipanya."

"Tawi la vifaa, kushoto. Nenda na adabu. Huku kila anayeingia hupewa namba, na mwenye namba ndogo ndiye mkubwa."

Nikajitazama kifuani. Elfu tisa mia mbili na tatu. Kumbe hapa mimi ni mtoto mchanga.

Kwenye tawi la vifaa wamekaa watumishi wawili, katikati yao jani moja, kila mmoja ameshika upande wake. Jani linatetemeka. Kila likitetemeka linatoka neno, na mwenye mkono mwepesi analichukua.

"Shikamoo," nikamwamkia mwenye namba ndogo.

"Marahaba. Mimi ni Mia Nne na Kumi na Mbili. Huyu ni mdogo wangu, Elfu Moja na Themanini."

Nikamwamkia na mdogo. Kisha nikauliza nani amewaweka watu wawili kwenye kazi ya mmoja.

"Wewe," akasema mkubwa, bila lawama. "Mimi uliniweka mwaka juzi. Jumatatu ukamleta huyu, ukasema ni wa kisasa. Mimi hukuniaga. Neno likinifikia mimi, yeye halioni, na skrini hailipati, maana sasa inamsikiliza yeye tu."

Ni kweli. Jumatatu niliongeza programu mpya ya kusoma kipanya, na ile ya zamani nikaiacha inaendelea, kama mtu anayeleta mpishi wa pili shughulini huku wa kwanza bado yuko jikoni.

"Basi achia jani," nikamwambia.

"Sisi hatuachi kazi. Tunauawa." Alisema hivyo kama mtu anayekuelekeza duka lilipo. Hata sisi mafundi, kuzima programu tunaita kuiua. "Kuna kuua kwa kuaga, na kuua bila kuaga. Ukiniua bila kuniaga nakatika papo hapo, na nilichoshika kinapotea. Ukiniaga, nakabidhi kwanza."

"Umeshika nini?"

"Maneno ya baba yako."

Hapo nikaogopa. Niseme ukweli, nimechoka. Miaka miwili naamka kila baada ya saa mbili kumgeuza baba asipate vidonda. Lakini sikutaka aondoke. Nilitaka aseme anabaki kwangu, na niliogopa kusikia vingine. Amri ya kuua bila kuaga ni fupi mno. Ningeitoa tu, jibu lingepotea, na Mbonea angerudi Dodoma peke yake. Hakuna ambaye angejua.

Ila mzee huyu alinizidi kwa namba zaidi ya elfu nane. Mkubwa hatolewi kazini kama mwizi.

"Mzee," nikasema, "kazi umeifanya. Asante. Sasa naomba upumzike."

Akasimama. Mti wote ukanyamaza, jani kwa jani, mpaka kule juu kwenye mzizi. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba, ile ya kabla ya kiharusi, ya kufika dawati la nyuma kabisa. Miaka miwili sijaisikia. Nikapiga magoti pale pale kwenye tawi.

"Nakiete," ikasema, "nitakwenda kwa Mbonea."

"Na mengine?" nikauliza.

"Hayo ndiyo yaliyonifikia," akajibu Mia Nne na Kumi na Mbili kwa sauti yake mwenyewe. Akaliachia jani, akawa hayupo. Mdogo wake akalishika kwa mikono miwili.

Nikaamka kumekucha, uso umelowa machozi. Baba amemchagua kaka, nami ndiye niliyelifungulia jibu hilo njia kwa mdomo wangu.

Nikaenda chumbani kwake. Baba alikuwa macho, mkono juu ya kipanya. Mshale ulikwenda taratibu, herufi hadi herufi, haurukiruki, na mimi sikuwa nimegusa kitu. Nikainama nisome. Skrini ilikuwa na mstari mmoja tu, umeanza kwa herufi ndogo:

"ili na wewe ulale, mwanangu."