Nyuzi Nne, Asubuhi na Jioni

Watoto kumi na wanne walikuwa na surua, na kumi na mmoja kati yao kadi zao zilionyesha wamechanjwa. Mfuatiliaji wa magonjwa wa wilaya aliipanga upya orodha mara tatu, na kila mara ikamrudisha kwenye zahanati ileile, kwa muuguzi mkuu aliyebandikwa jina la Mama Asilimia kwa jinsi asivyochoka kutaja asilimia tisini na nane yake ya watoto waliochanjwa.

Mfuatiliaji alitinga pale bila taarifa, tarehe kumi na tano.

"Karibu dada! Umetuletea cheti kingine cha pongezi?"

Mfuatiliaji alifungua jokofu la chanjo, harufu ikampiga puani. Samaki! Bakuli zima, halina hata kifuniko, na mchuzi wake umechuruzika hadi kwenye vichupa vya chanjo. Kipimajoto kilionyesha nyuzi kumi na saba, na chanjo haitakiwi kupita nane.

"Umeme nao, si unaujua," alisema Mama Asilimia. "Na hao samaki ni wa leo tu."

Kwenye mlango wa jokofu ilibandikwa chati ya joto. Nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni, kalamu ileile. Mfuatiliaji aliifuata kwa kidole hadi chini: kumi na tano, ishirini, thelathini. Mwezi mzima ulikuwa umeshajazwa.

"Leo tarehe ngapi, dada?"

"Aa, mimi hiyo namalizana nayo tarehe moja. Kazi zenyewe unaziona. Na mbona kila mwezi inapita?"

"Inapita kwa nani?"

Mama Asilimia alimletea faili, hana hata wasiwasi. Chati za miezi minane, nyuzi nne tupu, na chini ya kila moja muhuri wa bluu: IMEKAGULIWA. Saini ilikuwa ya mfuatiliaji mwenyewe. Hata mwezi ule nguzo za umeme zilipoanguka, wilaya ikakaa gizani siku tisa na yeye akihangaika na mishumaa, aligonga muhuri bila kusoma. Alijionea kinyaa kuliko alivyolionea lile bakuli.

Akinyamaza, watoto mia tatu waliochanjwa hapa wataendelea kutembea na kadi nzuri na kinga hewa. Akisema, kazi hana.

Alimpigia simu mganga mkuu wa wilaya.

"Wote waliochanjwa hapa tangu miezi minane iliyopita wachanjwe upya. Chati ni za uongo."

"Nani alikuwa anazikagua?"

Mama Asilimia alimkazia macho, akatikisa kichwa taratibu: usiseme, mwenzangu.

"Mimi," alisema mfuatiliaji.