Marehemu wa Kalenda

"Mupeleke Ibanda mpaka wageni wapite."

"Mama yangu haiko mbuzi ya kuficha, bosi."

"Jonan, ni wewe uliandika ile barua. Usinipandishie sauti."

Aliiandika, kweli. Hapo Bwera, karibu na mpaka, kwenye kikundi cha ngoma cha bosi Turyahikayo, Jonan ndiye alikuwa anaandikia wafadhili: picha, barua, kalenda. Shule aliachia darasa la saba, lakini barua zake zilikuwa zinaliza watu hata Ulaya. Mwaka wa mafuriko aliandika kwamba Erina, mama yake, mchezaji mkubwa wa kikundi, maji yalimchukulia nyumba huko Bulembia. Bosi akasoma, akasema nyumba peke yake hailizi mutu, na Jonan akaibadilisha barua: maji yalimchukua mama mwenyewe. Kalenda ikatoka na picha ya Erina akicheza, na chini yake: Marehemu.

Tangu siku hiyo hakupanda tena jukwaani. Mutu amekufa hachezi, bosi alisema, na wenzake wakacheka. Miaka miwili Erina anafua nguo za wachezaji, na endara ikilia, yale marimba ya mbao yanayolazwa juu ya migomba, miguu yake inacheza ndani ya beseni. Jonan aliona. Akaendelea kuandika.

Sasa akajibu ndiyo bosi. Ibanda hawakwenda. Mama alilala kwa Kataliko, mpiga endara.

Wageni wakaja, wale wafadhili, kila mmoja na kalenda mkononi. Jonan ndiye mkalimani, kipaza sauti anacho yeye. Akamshika mama yake mkono, akampandisha mbele ya wote, akainua kalenda kando ya uso wake.

"Huyu ndiye marehemu wenu," akasema, kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili, hata wauza chai wasikie. "Mumuulize mwenyewe."

Jasho likamtoka Turyahikayo, likashuka mpaka kwenye kola. Jonan alilitazama bila haraka. Miaka miwili alikuwa analingoja.

Lakini bosi ni mutu wa maneno. Kwa Kiingereza chake kidogo akawaambia wageni kijana huyu akili ilimruka tangu azike mama yake, wamsamehe. Mama mmoja mzungu akamsogelea Erina, akamuuliza yeye ni nani.

Erina akaangalia endara. Akaangalia bosi, na bosi akamwonyesha uwanja kwa kidevu.

"Mi ni dada yake," Erina akasema. "Yeye alikufa mu maji."

Mzungu akamgeukia Jonan, akingoja Kiingereza.

"Waambie, mutoto wangu," Erina akasema polepole. "Uniache nicheze."

Akawaambia. Mzungu akamkumbatia Erina, analia. Kataliko akainamisha kichwa, akapiga. Na Erina akacheza, Mungu wangu, akacheza mpaka vumbi likafika magotini.

"Jonan, kamera," Turyahikayo akaita, akijifuta kola. "Hii ni ya kalenda ya mwaka ujao. Andika: dada wa marehemu."

Jonan akaivua kamera shingoni, akailaza kwenye nyasi, kioo chini. Akageuka, akashika barabara ya mpakani, na endara ikilia nyuma yake.